Hisa za Mashine ya Pasi

Mtu anayenyoosha mashuka ya hoteli kutwa kucha hachoki mikono tu, huchoka mpaka kope. Fundi pasi huyu alikuwa na uchovu wa namna hiyo, ule ambao usingizi haufui dafu mbele yake. Aliingia ugenini nywele zikiwa nyeusi tititi. Mvi zilimkuta humohumo chini ya hoteli, katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha, mbele ya mashine ileile.

Mashine hiyo ndiyo iliyomponza. Shuka huingia limekunjamana, hutoka upande wa pili limenyooka kama karatasi, na tangu aajiriwe haikuwahi kumsumbua. Basi mwenzake wa chumbani, mpishi wa hospitali, alipomwonyesha kwamba kwa simu tu mtu anaweza kununua hisa za kampuni za nchi nyingine, hakutafuta mbali. Alisoma jina lililogongwa ubavuni mwa mashine, akaliandika kwenye simu, likatokea. Akatia humo akiba yake yote, ile ya kurudia nyumbani.

"Hiki ni kitu ninachokijua kwa viganja," alimwambia mpishi.

Hisa zilipanda kidogo, kama za kumkaribisha mgeni. Kisha zikaanza kushuka polepole, bila haya. Soko la huko lilifunguliwa saa anazotoka kazini, kwa hiyo kila jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, akitazama tarakimu nyekundu.

"Kaka, kampuni hii umeinunua au umeioa?" mpishi alimuuliza jioni moja, akimenya vitunguu.

"Mashine zao ni imara. Yetu haijaharibika hata siku moja."

Mpishi akaweka kisu chini. "Sasa kama haziharibiki, nani atanunua nyingine?"

Fundi pasi akahesabu miaka kwa vidole. Ni kweli, hoteli haikuwa imenunua nyingine miaka yote hiyo. Yeye aliipima mashine kama mtumiaji, akasahau kwamba kwa hisa zile amekuwa upande wa muuzaji.

Wiki hiyo msimamizi alimtaka aseme kama anaongeza mkataba au anaondoka. Akawapigia simu mawakala wa hisa kuuliza kama anaweza kwenda zake na kuziacha zimelala mpaka bei irudi. Binti aliyepokea alimjibu kwa upole kwamba akaunti ile ni ya wakazi tu. Kibali cha kuishi kikiisha, aziuze mwenyewe au wao waziuze kwa niaba yake.

Jioni mkewe akapiga.

"Baba watoto, umemjibu bosi wako?"

"Bado. Nafikiri niongeze kidogo, hisa zirudi pale niliponunulia."

"Zimekuahidi kwamba zitarudi?"

"Hazijaahidi."

"Mwaka jana ulisema hivihivi. Mimi nilikuwa namngoja mume. Sasa tunangoja mashine, mimi na wewe."

Akaagana naye. Mgongo ulikuwa ukimuuma, akalala chali sakafuni, maana kitanda kilikuwa laini mno kwake. Akawaza asubuhi: mvuke, mashuka, mvuke. Akajaribu kuuwaza mwaka mzima wa asubuhi hizo, akashindwa kufika hata mwezi wa pili.

Akachukua simu, akagusa mahali pa kuuzia. Simu ikamtaka dole gumba limthibitishe, na ikalikataa. Joto la miaka lilikuwa limelilainisha, halina mistari tena. Akajaribu kidole cha mwisho. Kikakubaliwa.

Akampigia mkewe.

"Nimeuza."

"Kwa hasara?"

"Kwa hasara."

Upande wa pili kifuniko cha sufuria kiliwekwa taratibu. "Kubwa?"

"Paa jipya la nyumba itabidi tulisahau."

"La zamani linavuja upande wa watoto tu, nao wamekwisha kuhama," mkewe alisema. "Wewe njoo ulale."