Tumba Mbili za Masolwa

Siku Zuena alipoteremka kwenye bajaji na tumba kuukuu, ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja, ya marehemu baba yake, Fundi Alois alimkagua kwanza yeye, ndipo akaikagua tumba. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Katika kibanda chake cha Ng'ambo, mjini Tabora, kila mteja alikuwa mwizi mpaka moyo wa Alois uridhike. Tabia hiyo aliirithi kwa mwalimu wake, marehemu mzee Lugembe, aliyemwachia kibanda na vifaa vyote. Mzee alimfundisha kuunga mbao, kukaza pete za chuma na kuwamba ngozi ya ng'ombe. Tena alimfundisha kumchunguza vizuri kila anayekuja na chombo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hii umeitoa wapi?"

"Ya baba, Mzee Awadhi, aliyekuwa akipiga kwenye maharusi."

"Na yeye aliitoa wapi?"

Zuena akakunja uso. "Kwani nimekuja polisi? Ngozi imechanika, mbao zimeachia. Kikundi chetu cha akina mama kinaihitaji. Kama huiwezi, sema."

Alois akaipokea shingo upande. Alipokwangua rangi ya buluu, kikajitokeza kiraka cha pembe ya ng'ombe, kimezama kwenye ubao kama jino kwenye ufizi. Akaweka patasi chini. Kiraka kile alikijua. Alipokuwa bado anajifunza kazi, Masolwa wa Bukene, mpiga tumba aliyesifika hadi Nzega, aliileta tumba yenye kiraka hicho itengenezwe. Ilipokwisha, Lugembe aliiviringisha blanketi kwa mikono yake, na Alois akaifunga kwenye baiskeli, akaipeleka stesheni irudi kwa mwenyewe.

"Mtoto wa mwizi huyu," akasema kimoyomoyo. Akamaliza kuikarabati, kisha akaifungia kwenye kabati.

Zuena alipokuja kuulizia, akaambiwa ngozi haijakauka. Aliporudi, akaambiwa gundi imekwisha. Safari iliyofuata hakusalimia. Alichungulia ndani, asiione.

"Tumba yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Nionyeshe."

"Njoo wiki ijayo."

"Fundi, mimi si mtoto. Ukiiuza, mji huu utakuwa mdogo kwako!"

Alois akafunga kibanda. Treni ya Mwanza ilipopita, akapanda hadi Bukene kumtafuta mwenye mali.

Masolwa alikuwa mzee sasa. Alimkuta uani akipukuchua mahindi, wakasalimiana.

"Mzee, tumba yako iliibwa lini?"

"Iibwe?" Masolwa akamshangaa. "Ipo ghalani."

Akaitoa nyuma ya magunia. Alois akaigeuza. Kiraka cha pembe kilikuwepo, mahali pale pale. Akakibinya kwa ukucha, kikabanduka chote. Kilikuwa kimegandishwa juu juu tu, na ubao wa chini yake ulikuwa mzima, haujawahi kutoboka. Tena ulikuwa ubao mwepesi wa makasha, si mninga mzito wa tumba halisi.

"Tangu irudi kutoka kwa Lugembe haikusema tena," Masolwa alikuwa akieleza bila kuulizwa. "Niliikaza, niliipasha motoni, wapi! Wenzangu wakawa wanatazamana nikipiga. Nikaona basi, mikono imekufa. Nikaacha bendi."

Alois alikuwa amekwenda kumkamata mwizi mwenye sura ya Zuena. Mwizi aliyempata alikuwa yule aliyemlisha na kumpa kazi, ambaye nyundo zake alizishika kila asubuhi. Angeweza kukibandika kiraka, aage, aondoke. Nani angejua?

"Mzee," akasema, "mikono yako haikufa. Ulibadilishiwa tumba."

Masolwa akaiinamia tumba hata kuku wakaanza kudonoa mahindi yake. Kisha akauliza polepole, "Nani aliyeipeleka hii stesheni?"

"Mimi."

"Na hukujua?"

"Sikujua. Naapa."

Mzee akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Alois aliutambua mtazamo ule. Ndio aliokuwa akiwatazamia wateja wake.

Wakarudi Tabora pamoja. Zuena akaitwa, akaja amefura, amejiandaa kwa ugomvi. Alois akamweleza yote mbele ya Masolwa, bila kumficha kuwa alimdhania wizi.

"Baba aliinunua kwa Lugembe," Zuena akasema. "Alijisifu nayo mpaka anakufa. Angejua, angekufa kwa aibu."

Masolwa hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameikumbatia kwa magoti tumba iliyotolewa kabatini. Akagonga mara moja, akasita kama anayeogopa kujibiwa. Ikanguruma. Akapiga tena, kisha vidole vikashika njia yao wenyewe, na wapita njia wakasimama. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Ichukue, mzee," Zuena akasema. "Mimi huyu fundi atanitengenezea nyingine."

Masolwa akarudi Bukene na tumba yake. Lakini habari ilibaki mjini. Xavery wa bendi ya vijana akaja kuchukua ngoma zake zikiwa hazijawambwa. Wengine walileta tochi, wakamulika ndani ya vyombo vyao kabla ya kuvipokea. Kila walipomuuliza kama kweli hakujua, Alois alisema hakujua, na aliona jinsi jibu lilivyogonga usoni mwao na kuanguka. Wala hakukasirika. Na yeye asingeamini.

Tumba ya Zuena aliijenga kwa mninga mtupu. Zuena alikuja kila alasiri na mkeka wake, akaketi mlangoni akisuka ukili, jicho moja kwenye randa. Siku ya kuwamba ngozi, Consolatha wa kwaya ya Moravian alipita na ngoma iliyopasuka, akamvuta Zuena pembeni.

"Dada, huyu anaaminika?"

"Kazi yake safi," Zuena akasema, akarudi mkekani na kusogea kumpa nafasi. "Ila usiondoke. Kaa hapa."