Kifungu cha Mwisho

Simiyu alikuwa ameanza kuiogopa shukrani ya yule mama. Kila mara mkuu huyo wa ujumbe wa Kenya aliposema "tunashukuru sana", kilichofuata kilikuwa kukataa, na kadiri alivyokataa ndivyo sauti yake ilivyoshuka, hata wafadhili wa kigeni kwenye skrini wakawa wanainama kumsikia. Mikono yake mizito, iliyozoea kusonga ugali wa watu wengi, aliilaza juu ya meza kama watoto walioonywa kanisani. Mvua ya alasiri ya Kakamega ilipopiga mabati hakupaza sauti. Aliingoja ipite, na wageni ng'ambo wakangoja naye. Kilikuwa kimebaki kifungu kimoja: mfuko wa utafiti ungewalipa wanasayansi wa Kenya, ila uongozi wa kila mradi ungebaki ng'ambo. Kwa Simiyu, mtaalamu wa udongo, hiyo ilimaanisha kuendelea kuchimba mashamba ya Navakholo ili wengine waandike matokeo kwa majina yao.

"Tieni sahihi leo, au tufunge mazungumzo," mgeni alisema.

Mama akazima kipaza sauti, akamtazama Simiyu. "Daktari, wewe unasemaje?"

"Mama, tukikosa hizi pesa, maabara yangu inafungwa."

"Hilo najua. Nimekuuliza unasemaje."

Simiyu akajibu, "Kataa."

Mama akawasha kipaza sauti, akakataa kwa sauti ndogo kuliko zote. Wageni wakatazamana, wakaomba muda kidogo wakashauriane. Skrini ilipokuwa nyeusi, mama akamgeukia Simiyu.

"Wewe umeokoka, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi omba. Mimi maneno yameniishia."