Kipaza Sauti Nilichokichagua Mwenyewe

(Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake na la klabu yao, nasi tumeyaficha. Mengine yote ni maneno yake.)

Bwana Mhariri, nawe msomaji wa ukurasa huu, salaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa hapa Kilwa Kivinje na nina watoto wawili. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona neno limekaa kombo mnivumilie. Nimenyamaza tangu Idd, na kunyamaza kumenishinda.

Mimi ni mwimbaji katika klabu yetu ya taarabu. Mkubwa wa klabu ni kaka yake mume wangu, nitamwita Shemeji, na mume wangu ndiye mpiga fidla. Kwetu mwanamke huimba nyuma ya pazia, wanaume wakakaa mbele na ala zao. Pazia sina ugomvi nalo, nimelikuta na nimelizoea.

Kabla ya Ramadhani alikuja fundi wa kutengeneza santuri, na mashine yake ya kunasa sauti. Shemeji akaniruhusu niimbe wimbo niliomtungia mama yangu. Mama yuko Njinjo, miguu haimbebi tena, na ndiye aliyenifundisha kuimba tukifukuza ndege shambani kwenye mpunga. Tangu niolewe hajanisikia nikiimba. Nilimtumia salamu kwamba safari hii sauti yangu itamfuata kwake.

Fundi alikuwa na vipaza sauti viwili. Akaviweka mezani, akanipa na visikilizio vya kuvaa masikioni, akasema, "Bibi, imba ubeti mmoja kwa hiki na huohuo kwa hiki, kisha nikusikilizishe. Sauti ni yako, utachagua mwenyewe." Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kutangazia mikutano. Humo nilijisikia mkali, kama namgombeza mtu sokoni. Cha pili kilikuwa kipana, kizito, kimefunikwa wavu. Jamani, humo nilisikia hata pumzi ninayovuta kabla ya ubeti. Nilikuwa mimi mwenyewe, sijapunguzwa wala sijaongezwa. Machozi yalinitoka mbele ya mgeni na sikuona haya.

Nikakichagua hicho. Fundi akanionya nisikikaribie sana, nikae mbali nacho kiasi cha shubiri, na uso niugeuze kidogo ili pumzi isikipulize. Basi nikaenda nyumbani nikatundika kata ya maji jikoni, nikawa naiimbia kwa shubiri hiyohiyo, watoto wakinicheka.

Siku ya kunasa sauti nilikuta kipaza sauti changu kimesimamishwa ndani ya pazia, waya wake umepita chini ya kitambaa kwenda kwa fundi. Shemeji alikuwa mbele, na kile kidogo kikiwa karibu na mdomo wake, kwa ajili ya kiitikio. Niliimba kwa moyo wangu wote. Hata kwenye beti nilimsikia Shemeji akinifuata, nikadhani ananitia moyo tu. Tulipomaliza, wanaume walipiga makofi, nikarudi nyumbani nimefurahi kama bibi harusi.

Santuri ilipofika baada ya Idd, sikungoja kuisikiliza. Niliazima gramafoni nikapanda lori hadi Njinjo, nikaiweka kando ya kitanda cha mama. Ikaanza. Sauti iliyotoka ni ya Shemeji. Kiitikio chake, na beti zangu pia, anazifuata juu yangu neno kwa neno. Mimi nasikika kwa mbali, kama mwanamke wa nyumba ya tatu anayeita kuku. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko sikioni. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu baba nimemsikia. Wewe utaimba lini?"

Niliinua sindano, nikaifunga gramafoni.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Shemeji. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa. Hata hakukana. "Shemeji, waya niliuchomoa mimi," akasema, huku anacheka. "Fundi nilimwambia umeghairi. Mke wa ndugu yangu sauti yake ikae masikioni mwa kila mlevi wa mkahawani? Nimekusitiri." Kunisitiri! Kama ni sitara, mbona kipaza sauti aliniachia mbele yangu, nikiimbie kama mwendawazimu anayezungumza na ukuta? Na wimbo wa mama yangu mbona umetoka kwa jina lake? Sasa vijana wanamsifu barabarani kwa maneno niliyoyatunga mimi.

Lakini lililonichoma zaidi liko nyumbani. Nilimweleza mume wangu nikitarajia atawaka. Akainamisha uso, akawa anaifuta fidla yake. "Waya niliuona," akasema. "Niliuona umelala chini kabla hujaanza. Yule ni kaka yangu, mama watoto. Ningesemaje?" Yaani alinisikia naimba beti zote zile, anajua zinamwagika bure, na yeye anavuta upinde wa fidla. Tangu siku hiyo nampikia, namfulia, lakini kumtazama siwezi.

Sasa fundi yuko Lindi. Amesikia habari, ameudhika, na ameniletea salamu kwa dereva wa lori kwamba kipaza sauti kile kipana bado anacho, na pazia atanitundikia yeye mwenyewe. Mume wangu anasema nikienda nitakuwa nimemvua nguo kaka yake mbele ya mji mzima, na nikishaenda nisirudi nyumbani kwake. Shemeji naye ameshaanza kuniulizia wimbo mwingine, bila haya. Na habari za Njinjo ni kwamba mama hali chakula vizuri.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nipande lori la Lindi niache nyumba na watoto, au nikae nimezwe hivihivi? Ila yeyote atakayeniambia nisubiri, aniandikie pia maneno ya kumpelekea mama, maana bado ananiuliza nitaimba lini.