Mama Aliyeomba Kurudi Nyumbani

Mwanangu unayesomea udaktari, iko siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, na sijui kama nimeielewa hadi leo. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, hapa hapa Tabora.

Wodini aliletwa mama kutoka Itetemia, mkono umevunjika. Alisema aliteleza kisimani. Mumewe alikaa kando ya kitanda akimpoza uji na kumnywesha kwa kijiko. Sisi wanafunzi tukanong'onezana kwamba huyu kapata mume.

Mwalimu wetu, daktari mtu mzima asiye na maneno mengi, aliona makovu ya zamani mgongoni mwa yule mama. Akamwomba mume atupishe tumpime mgonjwa. Akavuta pazia, akaketi.

"Mama, nyumbani kuna mtu anayekuumiza?"

Mama akalitazama pazia, upande alikotokea mumewe. "Ni yeye, daktari. Lakini naomba uniruhusu leo nirudi."

Nilichanganyikiwa. Mkono uliovunja ndio huo ulioshika kijiko? Na aliyevunjwa ndiye anayetaka kurudi? Mwenzangu mmoja akamuuliza kwa ukali, "Unarudi kufanya nini?" Mama akageukia ukutani.

Mwalimu akamwashiria mwenzangu anyamaze, akauliza taratibu, "Nyumbani umemwacha nani?"

"Binti yangu. Nisiporudi, atabaki naye."

Mwalimu hakumruhusu siku hiyo. Mume aliambiwa tu kwamba mkono unahitaji uangalizi. Kwa ridhaa ya mama, afisa ustawi wa jamii alikwenda na dada wa mama huyo, anayeishi mtaa wa Ng'ambo, wakamchukua mtoto shuleni. Binti alipoletwa wodini, akapanda kitandani kwa mama yake na sare zake, ndipo mama akasema yuko tayari kwenda polisi.

Baadaye sana nilikutana naye Ng'ambo, anashona nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunaishi kwa amani. Ila kuna siku namkumbuka yule bwana. Usiniulize kwa nini."

Sikumuuliza.

Basi mwanangu, mgonjwa wa namna hiyo muulize akiwa peke yake, na umwamini. Usimgombeze kwa kutaka kurudi, tafuta kinachomrudisha. Usimwambie mume aliyosema mke. Na usipoelewa, baki naye hivyo hivyo bila kuelewa.

Mungu akupe sauti ya upole, na kila atakayekufungulia moyo wake atoke kwako akiwa salama.