Gemu letu la mpira likiondoa edit, timu ya baba yangu ya Mtoni itachezea wapi?

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Hili sikusimuliwa na mtu. Limetokea sebuleni kwetu Kiembe Samaki, na sehemu ya kijinga kuliko zote nimeifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Gemu lenyewe silitaji. Mashabiki wenzangu mtalijua, na wale wa gemu pinzani wakilijua tu watauvuruga uzi. Nimelicheza tangu niko darasa la nne, toleo baada ya toleo, mpaka leo nina ndevu na mke.

Nilichokipenda zaidi si graphics wala timu kubwa za Ulaya. Ni edit. Pale unaunda timu yako kuanzia sifuri: majina, jezi, sura, mbio, nguvu ya shuti, kila kitu.

Sasa, baba yangu ujanani alicheza beki wa kushoto kwenye timu moja ya mtaani Mtoni. Haikuwahi kuchukua kombe lolote. Imebaki picha moja ukutani, watu kumi na mmoja, na unyevu umeshakula miguu ya wale waliochuchumaa mbele.

Ramadhani moja, nikisubiri magharibi, nikaiunda timu ile. Jezi nyeupe, mstari wa kijani. Baba akapita na sahani ya tende, akasimama.

"Nani huyo?"

"Wewe, baba."

Akakaa pale pale. Sahani ilibaki mkononi mpaka adhana.

Ijumaa iliyofuata akaja na wachezaji wenzake wawili ambao bado wako mjini: Mzee Mbarouk, kipa, na Mzee Haji, mshambuliaji. Shikamoo zangu zilijibiwa haraka haraka, wakataka kuona rating zao.

"Mbio sitini na tano? Mie?" Mzee Haji akaja juu. "Kamuulize mtu yeyote wa Mtoni!"

"Usimsikilize," akasema Mzee Mbarouk. "Huyu alikuwa akikimbia kama kabeba gunia la karafuu. Mpunguzie mbio, umuongezee maneno."

Ikawa desturi. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kahawa na kashata, wazee wako sebuleni. Pedi ya kuchezea hawaigusi. Mimi naweka kompyuta icheze na kompyuta, wao wanajitazama. Wakikosa goli wanajigombeza wenyewe kwa sauti, jirani anasikia.

(Kama hujawahi kumuona mzee wa miaka sabini na kitu akijiambia "toa pasi, mchoyo we!", bado hujafaidi gemu.)

Mwaka jana Mzee Haji akafariki, Mungu amrehemu.

Ijumaa ya kwanza baada ya hitma hakuna aliyetaka niwashe TV. Ya pili, baba akasema niwashe. Mzee Haji akaingia uwanjani na namba yake tisa. Akapata nafasi mbele ya goli, akapiga nje.

"Ndo huyo huyo," akasema Mzee Mbarouk, akajifuta macho.

Mjane wake, Bi Asha, alipomaliza eda naye akawa anakuja. Anakaa karibu na mlango na kikombe chake. "Haji hajanipeleka uwanjani hata siku moja," alituambia. "Ndo kwanza namuona akicheza."

Ndipo zikatoka zile habari: toleo lijalo litakuwa online tu, na edit inaondolewa. Humu humu niliandika comment za hasira, na wapo walioniambia nikue, ni gemu tu. Siwalaumu. Hawakujua ninalilia nini, nami sikuwaeleza.

Kwa hofu nikaamua kuihifadhi timu kwenye flash. Ilikuwa Alhamisi, nimefunga sunna, kichwa kizito, futari inanukia. Kuna kupeleka kwenye flash na kuna kuleta kutoka kwenye flash. Nikabonyeza kuleta. Ile flash ilikuwa na save ya zamani, kabla sijaiunda timu. Mashine ya gemu ikaniuliza kama nina hakika nataka ile ya zamani ifute ya sasa.

Nikajibu ndiyo. Kwa kujiamini kabisa.

Timu yote ikafutika. Wakuu, sitaki kuficha, nililia. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Wakafika, wakanikuta nimesimama mbele ya TV iliyozimwa. Nikawaambia nimewapoteza wote, kwa mkono wangu.

"Na Haji?" akauliza Bi Asha.

"Na yeye, Bi Asha. Nisamehe."

Baba akainuka. Akaingia chumbani, akarudi na daftari na kalamu, akakaa kwenye mkeka. "Haya, tuwapange upya. Safari hii naandika mimi."

Tukaanza na Mzee Haji.

"Mbio?" nikauliza.

"Tisini na tisa," akasema Mzee Mbarouk.

Baba akainua kichwa. "Si wewe ulokuwa ukisema anabeba gunia?"

"Nlikuwa nkisema mbele yake," akajibu. "Yule alikuwa hashikiki. Andika."

Baba akaandika.

"Na soksi ya kushoto ishushe," akasema Bi Asha. "Nlikuwa nkizifua mie. Ya kushoto haipandishi hata umpige."

Kwenye edit kuna sehemu ya soksi. Nikaishusha.

Nilichojifunza ni kwamba miezi yote ile niliogopa kampuni itaniondolea wazee wangu. Kumbe aliyewafuta ni mimi, na waliowarudisha ni wao, kwa vichwa vyao. Bado nina wasiwasi na toleo jipya, msidhani nimebadilika. Lakini daftari lipo, kwa mwandiko wa baba, kumi na mmoja wote. Gemu lolote litakalokuja na edit, tutaanzia hapo.

Na yule fundi wa gemu wa huko mbali aliyekaa akafikiria mpaka soksi, simjui, hanijui, ila namshukuru kwa dhati.

Nanyi semeni, nani mmemuweka kwenye timu zenu? Waliosema ni gemu tu nao karibuni, kahawa ipo.

Kesho Ijumaa. Mzee Haji anaanza, soksi moja chini.