Hondohondo Juu ya Mkuyu

Juzi, kwenye barabara ya Fizi, mtoto wangu alishtuka. "Papa, nani ameacha mutoto kule juu ya muti?" Nikacheka, kisha nikamweleza kwamba huyo ni hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, ambaye mlio wake hufanana kabisa na kilio cha mtoto mchanga.

Mimi niliusikia mara ya kwanza wakati wa vita. Tulikuwa tumekimbia mji wetu wa Baraka na kujificha mlimani, chini ya mkuyu, penye harufu tamu ya matunda yaliyooza. Alasiri moja watu wenye bunduki walipita njiani, chini yetu kidogo, na mdogo wangu akaanza kulia.

"Mama Sifa, nyamazisha mutoto!" jirani tuliyekimbia naye akamnong'oneza mama.

"Nimunyamazishe na nini? Maziwa imekauka!"

Mama akamfunika uso kwa kikwembe, kitambaa alichojifunga, akabana. Ndipo hondohondo wakalia juu yetu, wengi kwa pamoja. Mama akaachia kikwembe, na kilio cha mdogo wangu kikapotelea ndani ya vilio vyao.

Kule njiani mtu akacheka: "Sikia zile ndege! Ni kama batoto." Wakaendelea na safari.

Niliamini ndege wale wametumwa kutuokoa. Leo najua walifuata matunda tu, na huitana hivyo kila siku.

Hondohondo waliponyamaza, wale watu walikuwa wameshatokomea, lakini mdogo wangu alikuwa bado analia. Jirani akanyoosha mkono amzibe mdomo.

"Muache," mama akasema, akambembeleza mwanawe kwa jina tunalowaita wavulana wadogo: "Lia, papa. Lia sana."