Nyumba ya udongo wa kichuguu iliyomrudisha mke wangu, kabla hatujalisikia neno mazingira

Wakuu, mwangaluka. Wakubwa zangu kama mmo humu, shikamooni. Vijana marahaba hata kama hamjanisalimia.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja anauliza nyumba gani haiharibu mazingira. Mmebishana kurasa nyingi, mara bloku, mara tofali za kuchoma, mwingine kaleta habari za pikipiki za umeme. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Ila hili ninalosema nililiishi mwenyewe, na mwenye nyumba yumo ndani anakoroga uji sasa hivi. Nikidanganya atanisuta.

Ni miaka ya sabini, huku kwetu Shinyanga, tulipokwisha kuhamishiwa kwenye vijiji.

Wakati ule ulioneshwa kiwanja, ukaambiwa jenga. Mvua iko karibu, watu wote wanagombania fito. Nikasimamisha nyumba ya miti na udongo harakaharaka, udongo wenyewe ule mweusi wa mbugani. Anayeujua ule udongo ameshaanza kucheka. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakuwa uji.

Mke wangu anaitwa Minza. Tulikuwa na mtoto mmoja, Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha.

Basi mvua ikanyesha kweli. Minza yuko jikoni nje na mtoto mgongoni, ukuta wa nyuma ukalala juu ya kitanda. Kitanda kikavunjika miguu yote.

Minza hakupiga kelele. Alikiangalia kile kitanda, akafunga khanga vizuri, akachukua kibuyu chake cha maziwa, akaenda kwa baba yake. Nikamfuata mpaka kwenye mto namwita. Akanijibu bila kugeuka:

"Baba Kabula, siku nyingine tungekuwa tumelala."

Nikarudi kuokota vipande vya kitanda.

Kwetu mke akirudi kwao humfuati na baiskeli ukambeba kama gunia. Unakwenda na mzee wako, mnakaa, mnasikiliza. Nikaenda na baba mdogo. Baba mkwe, mzee Mayunga, alikuwa mtu mrefu, sauti yake ndogo sana, ndiyo maana watu walimwogopa.

Akasema, "Mwanangu niliwapa mzima. Amerudi mzima, nashukuru. Sasa atarudi kwenye nyumba ya tofali zilizochomwa. Mvua zijazo zikianza nyumba haipo, mje mchukue ng'ombe wenu wa mahari."

Baba mdogo akajaribu utani, "Mkwe, hata wewe unalala kwenye msonge."

"Msonge wangu haujamwangukia mtu."

Tukaondoka.

Sasa ngoja niwaeleze tofali za kuchoma. Tanuru moja linakula kuni kama harusi inavyokula wali. Na huku miti ilikuwa imekwisha siku nyingi, mingine kwa mashamba ya pamba, mingine kwa kufukuza mbung'o. Miti niliyokuwa nayo mimi ilikuwa ndani ya ngitili ya marehemu baba. Ngitili, kwa wasiojua, ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza hakuna ng'ombe anayeingia, majani yanasimama mpaka kiangazi, ndipo mnafungua kidogo kidogo. Ya kwetu ilikuwa na migunga mikubwa.

Nikanoa shoka. Mama yangu, mayu, akaniona.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Ngitili. Nataka kuni za tanuru."

"Haya. Mwezi wa kumi majani yakiisha, ng'ombe wanakula maganda ya migunga. Ukishachoma migunga watakula tofali?"

"Mayu, nataka mke wangu."

"Na mimi nataka mkwe wangu. Lakini akirudi akute ng'ombe wamelala chini hawawezi kuvuta jembe, si ataondoka tena? Safari hiyo ataondoka na njaa."

Nikaweka shoka. Si kwamba nilikuwa na busara, wakuu. Nilichoka kubishana naye tu.

Hapo niingize habari ya jirani yangu Nkwabi. Alikuwa amerudi kutoka kutafuta dhahabu upande wa Geita, amekuja na redio, na yeye anataka nyumba ya tofali nyekundu. Kuni hana. Akafikiri sana, kisha akakata minyaa yote ya uzio wake akajaza tanuru.

Minyaa! Kila mtoto wa Kisukuma anajua utomvu wake ukiingia jichoni unapofuka kwa muda. Yeye akaichoma mbichi.

Moshi ule ulilala kijijini. Watu macho yamevimba, mbwa wanakohoa. Bibi mmoja akamwendea na fimbo huku machozi yanamtoka, anamwambia, "Nkwabi, nani amekufa? Mbona tunalia wote?" Wakati huohuo mbuzi wakaona uzio haupo, wakaingia kwenye mtama wake. Tofali zikatoka nyekundu nje, ndani mbichi. Ukiigonga inalia kama boga.

Nilicheka na jicho langu limefumba. Lakini nikajua njia ile imefungwa. Na mvua zinakaribia.

Aliyenitoa ni mayu tena. Alikuwa anarekebisha ghala lake la mtama. Ghala lile lilikuwa na umri kunizidi, halijawahi kubomoka, na tulipohamishwa alikataa kuliacha, tukalibeba zima kwenye gari la ng'ombe. Nikamuuliza amelisiriba kwa udongo gani.

"Kichuguu. Wewe ulifikiri nini?"

Nikaona mimi ni mjinga wa kupewa zawadi. Nyuma ya kiwanja changu kilikuwepo kichuguu kirefu kuliko mtu.

Nikakivunja. Udongo nikaukanyaga na majani yaliyokatwakatwa, nikauacha ulale umelowa, nikaukanyaga tena. Nikachonga fremu ya mbao nikafyatua tofali, nikazifunika kwa nyasi zikauke polepole kivulini. Ukizianika juani zinapasuka. Mawe ya msingi niliyavuta na ng'ombe kutoka mlimani, maana lori hata ungelipata mafuta hayakuwepo. Msingi nikaunyanyua mpaka gotini ili maji ya chini yasifike kwenye tofali. Paa nikaezeka nyasi, nikalishusha mbele sana kama kofia, mvua isipige ukuta. Mayu na wenzake wakasiriba kwa udongo uleule, samadi ya ng'ombe na majivu. Waliimba nyimbo za kunisema siku nzima. Sitaziandika hapa.

Majivu yale, wakuu, ndiyo yaliyokuwa kila kitu. Ndiyo sabuni ya vyombo, ndiyo dawa ya wadudu wa mahindi, ndiyo choo hakinuki. Leo mjukuu wangu ananunua dawa ya choo inayonichoma pua kuliko minyaa ya Nkwabi. Turudi.

Mzee Mayunga akaja kukagua. Akazunguka nyumba, akakwaruza ukuta kwa fimbo.

"Hizi hazijachomwa."

"Hazijachomwa, baba."

"Nilisemaje?"

Nikatazama chini. Mkwe humtazami machoni. Nikamwambia, "Baba, ningezichoma ningemwachia Minza tofali na ng'ombe wafu."

Akakung'uta udongo kwenye fimbo. Akaondoka. Baba mdogo akaniambia, "Anza kuhesabu wale ng'ombe watakaorudi." Usingizi nikausahau.

Baada ya siku chache nikamwona Minza anakuja peke yake, Kabula mgongoni, ndoo ya maji kichwani. Hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, ukuta ule wa upande wa kitanda, akaumwagia ndoo nzima kwa nguvu. Maji yakanirukia.

Akasubiri. Akaugusa kwa kiganja, akausukuma kwa bega. Akanusa kiganja.

"Umelowa ngozi tu," akasema.

"Basi rudi."

"Ndoo si mvua. Nitalala kwa mayu. Mvua kubwa ya kwanza ipite ndipo nitajua."

Yaani mke yuko kiwanjani kwangu na bado hajarudi! Vijana mnaolalamika kuhusu ndoa, mmeona?

Mvua ilikuja alasiri, na upepo, ile inayong'oa mapaa. Nikakaa ndani peke yangu mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta ule ule. Nilisema ukianguka unikute hapahapa, kuliko kwenda kuchukua ng'ombe kwa mzee Mayunga.

Mvua ikakatika. Nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye tope. Ni Minza, anavuta kitanda kipya nilichokuwa nimekiegesha kwa mayu.

"Unakaa tu? Shika miguu."

Tukakiweka kwenye ukuta ule wa nyuma.

Baba mkwe hakuwahi kuisifu nyumba ile. Ila kiangazi kilichofuata alimtuma shemeji yangu kuazima fremu ya tofali, na kuuliza kama udongo wa kichuguu umebaki.

Nisiwadanganye kuwa ni raha tupu. Kusiriba ni kila mwaka, ukivivia mwaka mmoja utaona. Mchwa walikula miimo ya mlango, labda walikuja kudai nyumba yao. Paa tulishabadilisha kuwa bati. Lakini kuta ni zilezile, na migunga ya baba ipo, mwezi wa kumi ng'ombe wanaokota maganda.

Nilichojifunza: kabla hujajenga uliza nyumba itakula nini, kisha uliza hicho kitu kilikuwa kinamlisha nani.

Kabula anajenga mjini Ngokolo sasa, ameagiza tofali za kuchoma lori zima. Nimemuuliza kuni zimetoka wapi, kasema baba usianze. Mama yake nimemwona ameweka ndoo mlangoni, kesho tunakwenda kukagua.

Wenye nyumba za udongo semeni zimewakalia miaka mingapi. Na wa tofali za kuchoma njooni mnipinge, nipo.